Ushanga wa Gundi

Kwenye mkufu mmoja niliouza mwaka jana kulikuwa na shanga 48 nyeupe. Arobaini na saba zilishikwa na mafundo. Mmoja niliubandika kwa gundi niliyonunua kwenye kiosk cha Gachororo saa nne usiku.

Niliufuma kwa tatingi. Ni ufumaji wa lesi kwa mafundo madogo madogo, na chombo chake ni shato: kidude chenye umbo la mtumbwi, kinatoshea kiganjani, uzi umezungushwa ndani. Mimi hutumia shato mbili, wakati mwingine tatu, kila moja na rangi yake na shanga zake. Moja inafuma maduara, nyingine inakuja na uzi wa pinde zinazounganisha duara moja na lingine.

Shanga zote hutungwa kwenye uzi kabla hujafunga fundo la kwanza. Ukianza duara, unasogeza shanga zake kwenye kitanzi kilicho mkononi. Ukisogeza tatu badala ya nne, shauri yako. Duara likishavutwa likafunga, hakuna mlango wa kumwingiza yule wa nne. Na usifikirie ni kroshia, ambayo unavuta uzi tu na kazi yote inafumuka. Duara la tatingi likifunga, kulifungua ni kwa sindano, subira, na mara nyingi makasi.

Nilikuwa duara la kumi na moja kati ya kumi na mawili nilipoona kwamba la saba lina shanga tatu. Kurekebisha kulimaanisha kukata maduara matano, karibu saa sita za kazi. Mteja, mama mmoja wa Ruiru, alikuwa anakuja asubuhi. Binti yake alikuwa anafuzu JKUAT wiki hiyo. Shilingi 2,500 zake nilikuwa nimeshazipigia hesabu ya kodi. Nikaweka tone la gundi, nikapuliza, nikalala.

Asubuhi alikuja steji ya Juja, akauinua mkufu juani, akaugeuza pande zote. "Kairitu gakwa, mikono yako imebarikiwa." M-Pesa ikaingia. Akapanda matatu.

Sasa, kosa liko wapi? Hakuna jicho lingeuona ushanga ule. Hata mimi ilibidi nihesabu maduara ndiyo niupate. Kila kazi ya mkono ina kasoro, na hakuna fundi anayesimama mbele ya mteja akizitaja moja baada ya nyingine kama anaungama. Ukienda mitumba Thika, muuzaji hakuonyeshi shimo la kwapa. Unalitafuta mwenyewe, na nyote wawili mnajua mchezo ndio huo. Hata Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inasema kitu karibu na hicho: mnunuzi akishaikagua bidhaa, hapati kinga kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Si alikagua? Juani kabisa?

Mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika kuhusu mfanyabiashara anayefika Rhodes na nafaka kutoka Alexandria. Watu wana njaa, bei iko juu. Yeye peke yake anajua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko njiani. Je, awaambie? Wanafalsafa wawili anaowataja hawakubaliani. Antipater anasema lazima aseme. Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza si kuficha: muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka ataje, asidanganye, basi auze vizuri awezavyo.

Kwa siku mbili nilikuwa mwanafunzi mtiifu wa Diogenes. Lakini kulikuwa na kitu nilichokuwa nakiruka. Siku mama yule alipoagiza mkufu, aliuliza kama shanga zitadondoka, maana za dukani humdondokea. Nikamjibu kwa mdomo wangu: "Hapana, auntie. Kila ushanga unafungwa ndani ya fundo." Hiyo ndiyo sababu alikubali bei. Mkufu wa plastiki ungempata kwa shilingi mia mbili hapo hapo steji. Kwa hiyo sikunyamaza. Nilikuwa nimeshasema, na gundi ikaligeuza neno langu kuwa uongo bila mimi kufungua mdomo tena.

Na hata kama singesema lolote? Kuna Hadithi ambayo watu wa Pwani wanaijua vizuri: Mtume anapita sokoni, anaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, anakuta chini kumelowa. Mwenye mali anajitetea kwamba ilinyeshewa. Anaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Mvua hakuileta yeye. Kuipanga chini ndiyo kazi yake.

Hapo ndipo naona mitumba na mkufu vinaachana. Shimo la kwapa jicho linalifikia. Ndani ya fundo halifiki. Anayenunua kitu asichoweza kukikagua hanunui kitu peke yake, ananunua pia neno la aliyekitengeneza. Sisi tunaofanya kazi za mkono hufikiri kwamba mteja asipoweza kuona, deni letu linapungua. Nadhani ni kinyume: pale jicho lake linapoishia ndipo deni langu linapoanza. Kuhesabu vibaya ilikuwa bahati mbaya. Gundi nilichagua.

Nikampigia. Nikamwambia naweza kufuma upya kabla ya Ijumaa, au nimrudishie pesa kidogo kidogo, maana zile zilikuwa zimeshakwenda kwa mwenye nyumba. Nilitarajia acheke. Mtu hujiandalia ile picha nzuri: unasema ukweli, unasifiwa, mnakuwa marafiki. Kwanza alinyamaza. Kisha akauliza, "Na hizo zingine?"

Nikamwambia zingine zimefungwa. Nilipolisema nikasikia jinsi lilivyokuwa jepesi. Lilikuwa neno lile lile la mara ya kwanza.

Kesho yake alikuja na mkufu kwenye bahasha. Tukakaa kwenye benchi ya mama wa chai karibu na steji. Akaanza duara la kwanza, akaushika kila ushanga kwa kucha na kuuvuta, bila kuongea. Alipofika la saba nikamwonyesha ule wa gundi. Ulitoka kwa mvuto mmoja, akauweka kwenye kisosi. Akaendelea na la nane. Mimi nilikuwa nimebeba shato zangu mbili na uzi, nikaanza kutunga shanga, nne nne, nikihesabu kwa sauti ili naye asikie.