Je, Kila la Kale ni Dhahabu?

Wahenga walisema: Ya kale ni dhahabu. Lakini dhahabu, ndugu msomaji, hupimwa kabla ya kununuliwa. Je, mambo ya kale nayo tuyapime vipi?

Tutazame mfano wa motokaa. Mnamo mwaka 1998 kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuuza gari jipya lenye sura ya Beetle ya zamani: mgongo wa mviringo, taa za duara, hata kichupa cha kutilia ua karibu na usukani. Wengi waliliona wakakumbuka ujana wao. Lakini Beetle ya asili ilikuwa na injini nyuma, ikipozwa kwa hewa. Hii mpya injini yake ilikuwa mbele, ikipozwa kwa maji, na umbo lake la chini lilitokana na gari jingine, Golf. Sura ilikuwa ya babu, mwili wa mjukuu.

Je, huo ni udanganyifu? La. Mnunuzi hakufichwa kitu, wala si dhambi kupenda umbo zuri. Hatari imo katika yale tunayoyasahau tunapokumbuka.

Kwanza twasahau makusudi. Gari la Mini lilitolewa Uingereza mwaka 1959, baada ya shida ya petroli iliyoletwa na vita vya Suez. Urefu wake ulikuwa kama mita tatu tu, ili mtu wa kawaida asafiri kwa gharama ndogo. Mini mpya ya mwaka 2001 iliuzidi urefu huo kwa zaidi ya nusu mita, ikauzwa kama pambo la wenye nafasi. Jina lilibaki, udogo ukaondoka.

Pili twasahau machozi. Beetle ilibuniwa katika miaka ya 1930 chini ya utawala wa Hitler. Wajerumani zaidi ya laki tatu waliweka akiba kidogo kidogo ili wapewe gari hilo. Hakuna aliyelipata kwa mpango ule. Wakati wa vita, watu walilazimishwa kufanya kazi katika kiwanda chake. Hayo hayaonekani katika mviringo wa mgongo wake.

Basi, msomaji mpenzi, tusiwacheke watengenezaji wa magari. Mara ngapi nasi twasema, "Zamani watu walikuwa waaminifu," kisha twaiga mavazi ya wazee wetu, misemo yao na sherehe zao, na uaminifu wao tukauacha? Na mara ngapi twausifu wakati wao bila kuwauliza waliodhulumiwa humo?

Anayewaheshimu wazee kwa kweli huwauliza: Mlikusudia nini, na mlikosea wapi? Jema alilolipata hulitenda leo, hata likiwa na sura mpya. Ovu alilolikuta hulitaja, asilifunike kwa rangi. Hicho ndicho kipimo cha dhahabu ya kale. Bila hicho tutanunua shaba, nasi tukifurahia mng'ao wake.