Kazi Ambayo Karani Hakuiandika

Wapendwa, wiki hii nataka tuwaze pamoja juu ya swali ambalo mimi nililipata kwanza katika darasa la uhasibu, si katika mahubiri. Kazi ambayo haikulipwa, na haikuandikwa popote, je, inamfanya mtu yeyote awe na deni?

Najua nikianza na nyumba zetu, nusu yenu mtakunja karatasi hii muiweke kwa mkoba. Kwa hivyo wacha niwapeleke mbali kidogo, kwa watu ambao hatuna ugomvi nao.

Mwaka wa 1763 malkia wa Urusi, Catherine wa Pili, ambaye mwenyewe alizaliwa Mjerumani, alitoa tangazo la kuwaita wageni waje walime nchi yake. Aliwaahidi ardhi, uhuru wa kuabudu, nafuu ya kodi kwa miaka mingi, na kwamba vijana wao hawatalazimishwa kuingia jeshini. Maelfu ya Wajerumani wakaenda kando ya mto Volga. Mwaka wa 1804 mjukuu wake, Alexander wa Kwanza, akawaita wengine kusini, karibu na Odessa na Bahari Nyeusi. Wakakaa huko vizazi kadhaa, wakaomba kwa Kijerumani, wakaoana wenyewe kwa wenyewe. Halafu mwaka wa 1871 serikali ikaanza kufuta zile ahadi, na mwaka wa 1874 ikaja sheria ya kuandikisha vijana wote jeshini. Watu wakaanza kufunga mizigo. Wengi walivuka bahari hadi Marekani, kwenye mbuga za Kansas, Nebraska na Dakota, nchi tambarare ya nyasi ambako unaweza kutembea siku nzima bila kuona mti.

Kilichowavuta ni sheria ya mwaka wa 1862. Ukikaa kwenye ekari 160 za serikali kwa miaka mitano, ukajenga na kulima, shamba ni lako kwa ada ndogo tu. Ukisoma haraka unasema, ni neema. Lakini sheria hiyo ilimtaka mwombaji awe kichwa cha nyumba, au mtu asiye na ndoa aliyefikisha miaka 21. Mwanamke ambaye hajaolewa angeweza kuomba. Mjane angeweza. Aliyeolewa, kwa kawaida, hapana. Hata uraia, hadi mwaka wa 1922, mke mhamiaji aliupata kupitia mume wake. Bwana akiapishwa, bibi naye amekuwa Mmarekani, hata kama siku hiyo alikuwa nyumbani akikamua.

Sasa tumtazame huyo mama. Si mmoja ninayemjua kwa jina. Nasema juu ya maisha yaliyokuwa ya wengi.

Nyumba ya kwanza mara nyingi ilikuwa ya udongo. Mti haupo, pesa za mbao hazipo, basi udongo unachanganywa na majani makavu, unakanyagwa, unatengenezwa matofali. Kupaka kuta na kuzirudia kila zinapopasuka ilikuwa sana kazi ya wanawake na watoto. Na kuni? Hakuna. Walichanganya samadi na majani makavu, wakaikanyaga, wakaikata vipande kama matofali, wakaianika juani majira yote ya joto. Hayo ndiyo yaliyopika mkate na kuwatia watoto joto katika baridi ya Dakota, ambayo inaweza kumwua mtu kati ya nyumba na zizi. Tarehe 12 Januari 1888 dhoruba ya theluji ilishuka ghafla huko ikaua zaidi ya watu 200, wengi wao watoto waliokuwa wakitoka shuleni. Kwa hivyo mama aliyesimama juani akigeuza samadi mwezi wa saba hakuwa anafanya kazi ndogo ndogo za nyumbani. Alikuwa anaweka akiba ya uhai.

Halafu ng'ombe, asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo. Kuku. Bustani ya viazi, kabichi na matikiti, na kuyatia kwenye mapipa ya chumvi ili yafike mwezi wa pili. Kufua, kushona, kuzaa kwa msaada wa mkunga wa jirani, na watoto wanane au kumi hawakuwa ajabu. Wakati wa mavuno aliingia shambani, na mashine ya kupura ngano ilipofika na genge la wanaume, alilisha wote mara kadhaa kwa siku.

Hapa ndipo akili yangu ya biashara inaamka. Ngano ilikuwa mali ya bwana, na ngano huleta pesa mara moja kwa mwaka. Ikipigwa na mvua ya mawe, ikiliwa na nzige, au bei ikishuka katika soko la mbali, mwaka umekwisha. Lakini maziwa yalipitishwa kwenye ile mashine ya kuzungusha kwa mkono inayotoa malai, na malai na mayai yakapelekwa mjini kila wiki. Hayo ndiyo yaliyonunua sukari, kahawa, viatu na mafuta ya taa. Ukiwa na shamba lenye mapato makubwa yasiyo na hakika na mapato madogo ya kila wiki, mhasibu yeyote atakuambia ni yapi yanayozuia usifilisike. Katika miaka ya ukame ya 1930, ngano ilipokauka, familia nyingi zilivushwa na pesa za malai na mayai. Na bado watu walisema bwana ndiye mkulima, bibi anamsaidia. Ati anamsaidia!

Mwaka wa 1910 makarani wa sensa ya Marekani walipewa maagizo. Mwanamke anayefanya kazi za nyumba yake bila mshahara, na hana kazi nyingine, katika sehemu ya kazi andika: hakuna. Nisiwe mwonevu: maagizo hayo hayo yalisema anayefanya kazi ya shamba nje mara kwa mara aandikwe kibarua wa shamba, hata kama halipwi. Kumbe tatizo halikuwa ujinga. Walijua kazi bila mshahara inaweza kuhesabiwa, wakaamua ile ya jikoni haihesabiki. Na ona cheo chenyewe: kibarua, katika shamba alilolijenga.

Najua jibu la wazee wengine. Pasta, upendo hauweki hesabu. Mke akianza kuandika kila ndoo ya maziwa, hiyo si ndoa tena, ni kampuni. Hoja hii ina uzito, na siicheki. Nyumba ambayo kila mtu anashika leja haikaliki. Na yule bwana naye hakuwa anastarehe. Alivunja ardhi ngumu kwa plau, alibeba deni la benki usiku kucha, na wengi walikufa mapema.

Lakini tazama ni nani anayesema maneno hayo. Kutohesabu ni zawadi ya yule anayetoa. Mama akisema, mimi silipwi na sitaki kulipwa, nawafanyia watoto wangu, hiyo ni haki yake, na ni kitu kizuri sana. Mpokeaji akisema, upendo hauweki hesabu, amechukua zawadi ya mwingine akaifanya kanuni ya kujifutia deni. Maneno ni yale yale, kinywa ni kingine. Halafu ona kwamba nyumba hizo hazikukosa hesabu. Bei ya ngano iliandikwa. Ekari zilizolimwa ziliandikwa, zikathibitishwa kwa kiapo na mashahidi ili hati itoke. Upendo uliacha kuweka hesabu upande mmoja tu wa daftari.

Watu hawa, Walutheri, Wakatoliki, Wamenoni na wengine, walikuwa waombaji hodari. Katika makanisa yao mengi wanaume walikaa upande huu, wanawake upande ule, na waliopiga kura juu ya mambo ya kanisa walikuwa wanaume. Mithali 31 waliijua kwa Kijerumani kama sisi tunavyoijua kwa Kiswahili. Sisi huisoma siku ya akina mama, tunapiga makofi, tunatoa leso. Lakini sura hiyo haikomei kwenye sifa. Yule mwanamke ananunua shamba, na mwisho inadaiwa apewe matunda ya mikono yake. Apewe, wapendwa.

Kuna jambo moja katika ile sheria ya ardhi linalonisumbua kuliko yote. Bwana akifa kabla ya miaka mitano kuisha, mjane aliruhusiwa kukamilisha madai na kupata hati kwa jina lake. Yaani serikali ilikubali kwamba anaweza. Jana hawezi kuomba, leo, baada ya mazishi, anaweza, na kati ya jana na leo hakujifunza kazi yoyote mpya.

Waliobaki na waume zao waliona ardhi ikipita, kwa kawaida, kutoka kwa baba kwenda kwa wana. Binti alipoolewa alipewa ng'ombe, matandiko, vyombo. Ile mashine ya malai ilikuwa na visahani vingi vyembamba ndani, na kila kimoja kilipaswa kuoshwa baada ya kukamua, la sivyo malai ya kesho yaharibike. Kazi hiyo mara nyingi waliachiwa wasichana. Walisimama pale kila siku wakiosha, na mazungumzo ya baba na kaka zao juu ya nani atapata shamba lipi waliyasikia yote.