Je, Tata la Polima Lipo Kweli?

Polima ni minyororo mirefu ya molekuli. Ikiyeyuka, minyororo hiyo hutatana kama nyuzi. Ikishapita urefu fulani, kuirefusha mara mbili huongeza mnato takriban mara kumi. Swali langu si la kemia bali la falsafa: je, hilo tata lenyewe ni kitu?

Mwaka 1990 Kurt Kremer na Gary Grest waliiga polima iliyoyeyuka kwa kompyuta. Kila mnyororo ulikuwa shanga zilizounganishwa, na haukuweza kupenya mwingine. Kwa kufuatilia mwendo wa shanga, walikadiria kwamba kati ya tata moja na jingine kuna shanga 35 hivi. Mwaka 2004 Ralf Everaers na wenzake walifanya vingine: walishikilia miisho ya kila mnyororo, wakaikaza minyororo yote, kisha wakapima njia zilizobaki. Kwa modeli ileile, hesabu ilitoka karibu mara mbili.

Anayeshuku atasema: kama idadi inategemea anayehesabu, basi tata ni jina tu. Tena ukiutoa mnyororo mmoja peke yake, tata hulioni. Limebaki kwa wengine.

Sikubaliani naye. Minyororo ikiruhusiwa kupenyana katika programu, shanga zikiwa zilezile, ukwamaji huo hutoweka. Hakuna shanga iliyoondolewa. Kilichoondolewa ni katazo. Kama kuliondoa kunabadili mwendo wa vyote, basi lilikuwepo na lilikuwa likifanya kazi. Lugha yetu inalijua hili: kutokana na tata tumepata matata na tatizo, na hakuna anayesubiri kulishika tatizo mkononi ndipo akiri kwamba limemkwamisha.

Hata hivyo, anayeshuku ana sehemu ya ukweli. Tata ni uhusiano, na uhusiano hauhesabiki kama maembe. Njia ya kwanza ilipima mwendo, ya pili ikapima umbo. Kila moja ilijibu swali lake.

Hapo ndipo maadili yanapoingia. Anayetoa namba bila kutaja njia aliyoipatia humfanya msomaji aamini kwamba vitu vimehesabiwa. Mwingine akiitumia kutabiri mnato, anaweza kukosea mara kadhaa, huku akidhani ametegemea ukweli. Kwa hiyo nashikilia mambo mawili: tata lipo, na anayelipima ana deni la kusema amelipimaje.