Theluji ya Aprili: Je, Aliyepanda Mapema Ana Kosa?

Katika Kongo theluji ya kudumu yaonekana mahali pamoja tu, juu ya vilele vya Ruwenzori, na huko nako imepungua sana. Katika Ubelgiji yajulikana na kila mtu. Huanguka wakati wa baridi, toka Desemba hadi Februari, wala hakuna anayeishangaa. Yenye kuleta majonzi ni theluji ya kuchelewa, inayoanguka watu wakiwa wamekwisha kushika jembe.

Mwaka 2021 ilikuwa hivyo. Siku za mwisho za Machi joto lilipita digrii 20. Watu wakavua makoti, wakalima bustani zilizo nyuma ya nyumba zao, wakapanda njegere na vitunguu. Wenye haraka zaidi wakatoa nje hata miche ya nyanya. Pasaka ikawa tarehe 4 Aprili. Siku zilizofuata theluji ikaanguka. Katika Ufaransa baridi ya usiku wa juma lile iliunguza mizabibu na miti ya matunda katika majimbo mengi, ijapokuwa wakulima walikesha wakiwasha mioto kati ya mistari ya miti.

Basi hapo huzuka swali linalopita mambo ya bustani. Jirani asiyepanda kitu husimama penye uzio, akaitazama miche iliyolala, akasema: “Amejitakia mwenyewe.” Je, asema kweli?

Methali hazisaidii sana. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu huchagua ile inayopatana na jambo lililokwisha kutokea, kisha hujiona mwenye busara. Lakini kama theluji isingeanguka, njegere za yule wa kwanza zingeota vizuri, na jirani angeitwa mvivu. Tendo lingekuwa lile lile na siku ile ile. Mawingu tu ndiyo yangekuwa mengine. Ni vigumu kuona jinsi mawingu yanavyoweza kumtia mtu kosa au kumpa sifa. Mkulima wa Katanga aliyepanda mahindi kwa mvua ya kwanza, kisha jua likarudi kwa majuma matatu, aijua vema hukumu ya namna hiyo.

Yafaa basi kuuliza mtu alijua nini alipopanda. Mwenye njegere hana la kujilaumu. Njegere huvumilia baridi. Na theluji yenyewe, kwa kuwa ina hewa nyingi ndani yake, hufunika udongo kama blanketi, hata mara nyingi kilicho chini yake hudhurika kidogo kuliko ua lililo wazi mtini. Mwenye nyanya ni habari nyingine. Mnyanya hufa kwa usiku mmoja wa barafu. Wazee wa nchi zile huhesabu siku za “Watakatifu wa Barafu”, yaani Mamerto, Pankrasi, Servasi na Bonifasi, toka tarehe 11 hadi 14 Mei, wala hawatoi mche laini nje kabla siku hizo hazijapita. Hesabu hiyo si sheria, na miaka mingine Mei nzima ni joto. Hata hivyo, aliyeambiwa hayo akayapuuza ana kosa, ingawa ni dogo, naye angekuwa nalo hata kama jua lingewaka mwezi mzima. Hilo ndilo watu hawapendi kulikubali: kwamba mzembe aliyebahatika ni mzembe vilevile.

Lipo kosa jingine, lisilohusu kupanda. Theluji ikiisha kuanguka, mtu hawezi tena kusema hakujua. Theluji yenye maji ni nzito, huvunja matawi; asiyetoka kuyatikisa kwa sababu amekasirika, hilo ni lake. Wenye mashamba ya matufaa hufanya jambo la ajabu zaidi. Ua la mtufaa lililofunguka huanza kufa baridi ifikapo digrii 2 hivi chini ya sifuri. Nao huinyunyizia miti maji usiku, kwa maana maji yanapoganda hutoa joto kidogo, na ua hubaki hai ndani ya barafu. Lakini hawana ruhusa ya kulala. Wakiacha kunyunyiza kabla barafu haijaanza kuyeyuka, madhara huwa makubwa kuliko kama wasingeanza.

Na yule jirani? Miche yake i salama dirishani, mingi kuliko atakayoitumia. Labda alingoja kwa busara, labda kwa uvivu. Mwenyewe ndiye ajuaye. Katikati ya Mei udongo utakapopata joto, mwenye bustani tupu atapita penye uzio ule ule, na jirani atakuwa amesimama pale, ama na maneno yake ya Aprili, ama na kikapu cha miche.