Walinzi Waliomo Ndani ya Punje

Ndugu zetu Waislamu wa Malindi, Kilifi na pande zake,

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume Wake, twawakumbusha yale tufunzwayo katika Suratul An'am, kuwa Yeye ndiye aipasuaye mbegu ikaota. Wengi husoma haya wasiyatie fikirani.

Itazameni punje ya wimbi au ya hindi. Ndani yake mna wanga, akiba ya mche utakaozaliwa. Fukusi na kuvu huitamani akiba hiyo, lakini haiwafai mpaka waiyeyushe kwa vimeng'enya vyao. Basi Muumba ametia ndani ya punje protini ndogo ndogo zinazovishika vimeng'enya hivyo visifanye kazi. Iko protini moja ya wimbi izuiayo vya namna mbili: kiyeyushacho wanga na kikatacho protini. Na mwaka 1998 wataalamu wa Marekani walieleza kuwa mahindi yanayostahimili kuvu ya sumu yana protini ya namna hii kwa wingi kuliko yale yanayoshindwa.

Je, ulinzi huo watosha peke yake? La. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi, na 125 wakafa. Sumu hiyo huharibu ini, wala kupika hakuiondoi.

Wako watundikao hirizi ghalani na mahindi yangali mabichi, kisha wakasema wametawakali. Hiyo si tawakali. Nabii Yusuf (A.S.) aliwaelekeza watu wa Misri wayaache mavuno ndani ya mashuke yake, na jirani zetu Wagiriama waliyaweka mahindi na maganda yake juu ya uchaga, moshi wa jiko ukiyapitia. Anikeni kwanza, hata unyevu usizidi asilimia 13.5, na magunia yawekeni juu ya mbao, si juu ya sakafu. Kisha mtegemeeni Mungu.

Ama wewe mfanya biashara uchanganyaye mabichi na makavu, kumbuka kuwa Mtume (S.A.W.) alitia mkono wake katika lundo la chakula sokoni, akakuta maji chini yake, akamkana mwenye kudanganya. Mnunuzi wako hauoni moyo wa gunia. Amekuamini wewe, na watakaokula ni wanawe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuihifadhi rizki Yake na kuitekeleza amana. Amin.