Kikombe ni Shahidi



Jumamosi moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja alibaki nyuma. Wenzake walikuwa wamekwisha kwenda uwanjani. Yeye alisimama na viatu vyake vya mpira mkononi. Alitazama mlangoni kwanza, halafu akaniuliza: "Mwalimu, kesho tunacheza fainali ya mtaa. Wakubwa wa ekipe yetu wamechanga franka ili twende kwa mganga. Wanasema wale wengine wamekwisha kwenda. Je, ni dhambi kufanya dawa, ikiwa mwenzako naye amefanya?"

Ningeweza kumjibu, "Imekatazwa," nikafunga mlango wa darasa. Lakini mtu aliyeambiwa katazo tu, bila kuonyeshwa sababu, hutii siku ya mafundisho na kusahau siku ya fainali. Basi nilimwambia aketi, tukalitafuta jibu pamoja. Haya ninayowaandikia ndiyo tuliyoyatafuta, pamoja na mengine niliyoyafikiri baadaye.

Ubingwa ni nini?

Tuangalie kwanza jambo lenyewe. Katika Kongo yetu mpira ulipita mara nyingi mikononi mwa mapadri. Mjini Kinshasa, ulioitwa Léopoldville wakati ule, Padri Raphaël de la Kethulle wa shirika la Scheut alikusanya vijana katika michezo na kuwajengea viwanja. Watu walimwita Tata Raphaël, na uwanja mmoja mkubwa wa mji ule una jina lake hata leo. Kwake ilizaliwa mwaka 1936 klabu ya Daring, ambayo baadaye iliitwa Motema Pembe. Vita Club ilikuwa imezaliwa mjini humo mwaka mmoja mbele. Kule Elisabethville, yaani Lubumbashi, wamonaki Wabenedikto walianzisha mwaka 1939 timu ya wanafunzi wao, wakaipa jina la Mtakatifu Georges. Timu ile ilibadili majina mara kadhaa. Leo dunia yaijua kwa jina la TP Mazembe. Mwaka 1958 yakaanza mashindano ya kumtafuta bingwa wa nchi nzima, na tangu hapo timu hizo tatu zimetwaa sehemu kubwa ya ubingwa.

Je, mapadri wale walikuwa wakipoteza siku zao? La, hasha. Walijua kwamba kijana ana nguvu, na nguvu isiyoonyeshwa njia hujitafutia njia yake. Hata Mtume Paulo hakuona haya kuchukua mifano yake kwa wakimbiaji na wapigana ngumi wa Wagiriki.

Lakini wanaoshindana hutafuta nini? Mtanijibu: kikombe. Haya, tukishike kikombe hicho mkononi. Ni chuma chepesi kilichopakwa rangi ya dhahabu. Hakiliwi, hakivaliwi, na vile tunavyoshindania katika mitaa yetu mara nyingi havifiki bei ya mbuzi mmoja. Mbona basi watu wazima wanalia kwa ajili yake? Ni kwa sababu kikombe kinasema neno. Kinasema: "Mwaka huu, katika mchezo huu, watu hawa waliwazidi wenzao." Hicho ndicho kitu chote kilichomo ndani yake. Kikombe ni shahidi. Akisema kweli, ana heshima. Akisema uongo, kinabaki chuma tu.

Shahidi asiyependelea

Mfikirieni Ndaye Mulamba. Mwaka 1974, katika mashindano ya mataifa ya Afrika kule Misri, alifunga magoli 9 peke yake, na timu yetu, iliyoitwa Zaire siku zile, ikatwaa kikombe. Katika mashindano hayo hakuna mchezaji aliyepata kuipita hesabu hiyo mpaka leo. Baadaye maisha yalimgeukia. Aliishi miaka mingi katika ufukara huko Afrika Kusini, akafa huko mwaka 2019. Mali haikubaki, sifa za wakubwa hazikubaki. Lakini magoli 9 yamebaki, kwa sababu ni kweli.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka ule ule wa 1974, timu ile ile ilikwenda Ujerumani kwenye Kombe la Dunia. Yugoslavia wakaifunga magoli 9 bila jibu. Kitabu kinachoandika 9 za Ndaye ndicho kinachoandika na 9 za Yugoslavia. Je, twaweza kuufuta ukurasa mmoja na kuuacha mwingine? Tukisema kwamba 9 za Yugoslavia ni za uongo, nani atatuamini tunaposimulia 9 za Ndaye? Anayetaka ushindi wake uaminiwe hana budi kukubali kushindwa kwake kuaminiwe pia.

Mfano mwingine. Mwaka 1967 ndugu zetu wa Lubumbashi, wakiitwa Englebert, walifika fainali ya klabu za Afrika pamoja na Asante Kotoko ya Ghana. Mara mbili walicheza, mara mbili wakatoka sare. Mechi ya tatu ikapangwa. Kotoko hawakufika, na Englebert wakapewa ubingwa. Ulikuwa halali kwa sheria, lakini hakuna aliyeona nani alimzidi mwenzake. Katika fainali ya mwaka 1970 wakakutana tena, na safari hii Kotoko wakashinda uwanjani. Fainali ya mwaka 1973 Kotoko wakawafunga Vita Club 4 kwa 2 kwao Ghana, kisha Vita wakawafunga 3 bila jibu Kinshasa, kikombe kikabaki Kongo. Ndivyo watu waungwana wanavyobishana: "Leo wewe, kesho mimi." Hakuna aliyechoma nyumba ya mwenzake ili kuthibitisha kwamba ni bingwa.

Yule anayetafuta njia ya giza

Sasa turudi kwa kijana wetu na dawa yake. Nilimwuliza: "Dawa hiyo ina nguvu au haina?" Akanyamaza. Nikamwambia: "Tuseme haina. Basi wakubwa wenu wametupa franka ambazo zingenunua mipira miwili, nanyi mtaingia uwanjani mkitumaini kitu kisicho kitu. Sasa tuseme ina nguvu. Basi mkishinda, si ninyi mlioshinda. Kikombe kitasema, 'Hawa waliwazidi wenzao,' na kila mmoja wenu atajua moyoni kwamba kinadanganya. Katika njia zote mbili mmepoteza."

Na asidhani mtu kwamba ninasema habari za hirizi peke yake. Mwamuzi aliyepewa bahasha usiku, kijana wa miaka 20 aliyeandikwa 16, mchezaji anayechezeshwa bila haki, hayo yote ni ndugu za tumbo moja na hirizi. Mwaka 2011 Mazembe, mabingwa wa Afrika wa 2009 na 2010, walikuwa wameitoa Simba ya Dar es Salaam kwa magoli. Simba wakalalamika kwamba mchezaji mmoja wa Mazembe hakuwa na ruhusa ya kucheza, na shirikisho la Afrika likawaondoa Mazembe katika mashindano. Magoli yalikuwa yamefungwa mbele ya macho ya watu, lakini hayakuhesabiwa. Amri ya kutoshuhudia uongo haikutolewa kwa ajili ya baraza la mahakama tu.

Labda utaniambia: "Mwalimu, hao wengine wamekwisha kufanya. Tukiacha sisi peke yetu, tutakuwa wajinga." Nakujibu: Umewaona, au umesikia? Na hapa, ndugu msomaji, twafika penye jambo zito kuliko dawa yenyewe.

Shaka inayoua

Sisi wa Butembo hatuna haja ya mifano ya mbali. Mwezi wa Septemba 2008, siku ya Jumapili, timu mbili za mji wetu zilikuwa zikicheza. Majina yao sitayaandika, maana pande zote mbili zilikuwa na watu wa kulia. Katikati ya mchezo likatoka neno: golikipa anafanya uchawi. Neno moja tu. Wachezaji wakashikana, watu wakaingia, polisi wakaingilia kati, mawe yakaruka, umati ukakimbia na kukanyagana. Zaidi ya watu 10 wakafa, na wengi wao walikuwa vijana wadogo. Walikuja kutazama mpira.

Nani aliwaua? Hirizi? Mimi nasema iliyowaua ni shaka, ni ule ugonjwa wa moyo usioweza kusema, "Tumeshindwa kwa sababu wametuzidi." Moyo huo hutafuta mkono uliofichika kila mahali. Nao si ugonjwa wa Butembo tu. Mwezi wa Desemba 2010 Mazembe walifika fainali ya klabu za dunia kule Abu Dhabi, klabu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, baada ya kuwafunga Internacional wa Brazili 2 bila jibu. Ilikuwa heshima kubwa. Katika fainali Inter Milan wakawashinda 3 bila jibu. Huko Lubumbashi watu wengine wakakasirika, wakamlaumu mwamuzi, wakaenda kuvunja maduka ya Wachina. Mwamuzi alikuwa Mjapani! Ndivyo shaka inavyopiga: haitazami ni nani, inatafuta tu wa kupigwa. Na mwezi wa Mei 2014, katika uwanja ule ule wenye jina la Tata Raphaël, Vita wakashindwa na Mazembe bao 1, ghasia zikazuka, watu 15 wakapoteza maisha. Uwanja wenye jina la padri aliyewakusanya vijana wapate kucheza ukatoa maiti.

Twaijua shaka hii hata nje ya mpira. Ugonjwa wa Ebola ulipokuwa kwetu, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ukaua watu zaidi ya 2,200, wangapi walisema, "Wamekuja kutuua kwa faida yao"? Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na vya hapa Butembo vikashambuliwa. Sisemi kwamba hatukuwa na sababu ya kuogopa. Watu walioona mengi huogopa upesi. Nasema kwamba mtu aliyezoea kila Jumapili kuita ushindi wa jirani uchawi, amejifundisha vibaya kwa siku ile kubwa ambayo kweli peke yake ingeweza kumwokoa.

Kwa hiyo, aliyeshindwa naye ana kiapo chake cha ushahidi. Mshindi hushuhudia uongo akishinda kwa hila. Aliyeshindwa hushuhudia uongo akisema "uchawi" mahali asipoona kitu. Wa kwanza amechukua kikombe kisicho chake. Wa pili amemnyang'anya jirani jasho lake, na wakati mwingine uhai wake.

Asiyekubali kushindwa si mshindani

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani, wakasema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Hawakusema kwamba ni mshindani mbaya. Walisema si mshindani kabisa. Na kweli ndivyo ilivyo. Kushindana kunahitaji wawili. Yule unayeshindana naye ndiye anayekupa ushindi wako. Bila yeye ungekuwa mtu anayepiga mpira ukutani. Ukimwangamiza, umeuangamiza na ubingwa wako.

Jambo hili ni la thamani kwetu kuliko kwa wengine. Tangu Oktoba 2014, upande wa Beni, maelfu ya ndugu zetu wameuawa, na vijiji vimehama. Watoto waliokimbia wanacheza leo katika viwanja vyetu, katikati ya watoto wa mji. Wameona namna watu wanavyogombana mpaka kufa. Wataona wapi namna watu wanavyoweza kugombea kitu kimoja kwa nguvu zote, mmoja akakikosa, kisha wote wawili wakarudi nyumbani wazima, wakanywa maji katika chombo kimoja? Uwanja wa mpira ni mojawapo ya mahali pachache palipobaki pa kuwaonyesha. Tukiuharibu, tutawaonyesha nini?

Basi nanyi wakubwa wa timu, mkichanga franka, nunueni mipira na dawa ya vidonda. Nanyi wazazi, mtoto akirudi ameshindwa, msimwulize, "Nani aliwaroga?" Mwulizeni, "Wenzako walifanya nini vizuri kuliko ninyi?" Na timu zote mbili zishikane mikono mechi ikiisha, hata kama mkono ni mzito.

Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: "Na tukishindwa kesho, Mwalimu?" Nikamwambia: "Utakwenda kwa kapiteni wao, umshike mkono, umwambie: mmetuzidi." Akatazama viatu vyake kwa muda. "Hilo," akasema, "ni gumu kuliko kwenda kwa mganga."

Alisema kweli. Kesho yake walishindwa 2 kwa 1. Nilikuwa nimesimama karibu na mstari. Alikaa chini kwanza, kichwa magotini. Halafu akainuka, akavuka uwanja peke yake mpaka kwa wale waliokuwa wakiimba, akanyosha mkono. Siku ile nilikuwa na mabingwa wawili, na mmoja hakupewa kikombe.