Reli, Mzigo na Utu: Fikira juu ya Mji wa Kilosa

Miji mingi midogo iliyojipanga kando ya Reli ya Kati, tangu Ruvu hadi Kaliua, ina asili moja inayotatiza fikira. Haikukuzwa kwa ajili ya watu waliokuja kuishi humo, bali kwa ajili ya mzigo. Injini ya mvuke ilihitaji maji na kuni, pamba na katani vilihitaji ghala, na mtawala alihitaji mahali pa kuteremshia askari na kupakilia mazao. Stesheni ikawekwa, na watu wakafuata. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo tungependa kulitafakari pamoja na walimu na vijana wetu: Je, kitu kilichoanzishwa kwa nia isiyo njema chaweza kuwa chema? Na kama chaweza, chawa chema kwa kazi ya nani?

Tuuchukue mji wa Kilosa, mkoani Morogoro, uwe mfano wetu. Mji huu umekaa chini ya milima ya Usagara, kando ya Mto Mkondoa. Kabla ya kuja kwa wakoloni nchi hiyo ilikuwa ya Wasagara, na Wakaguru na Wavidunda wakiwa majirani zao. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita katika bonde hilo, na pembe za ndovu zikabebwa mabegani mwa watu. Wadachi walipoitwaa nchi waliweka boma lao hapo. Mwaka 1905 walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kilosa mwaka 1909. Kutoka Kilosa njia ilianza kupanda, ikifuata bonde la Mkondoa kuelekea Dodoma, hata ikakoma Kigoma mwaka 1914.

Nia ya reli hiyo haikufichika. Mwaka ule ule wa 1905 ulipoanza ujenzi, wananchi wa kusini na mashariki walisimama katika Vita vya Maji Maji, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kulazimishwa kulima pamba ya mtawala. Reli ilikuja kuchukua mazao ya namna hiyo. Tena ilikuwa na nguvu ya kuinua mji huu na kuuangusha ule. Bagamoyo, mlango wa misafara kwa miaka mingi, ulipoteza cheo chake. Mpwapwa, waliokopumzika wapagazi vizazi kwa vizazi, uliachwa kando, na stesheni ikawekwa Gulwe. Hakuna aliyewauliza wenyeji wa huku wala wa kule.

Ushahidi mkubwa zaidi wa nia ile ulikuja mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Waingereza yalipowasukuma Wadachi nyuma, Wadachi walibomoa madaraja ya reli waliyoijenga wenyewe. Jambo hili lastahili kufikiriwa sana. Mtu aliyejenga kwa ajili ya mzigo wake hubomoa mara tu mzigo unapokuwa wa mwingine. Lakini watu wa Kilosa hawakuwa na mahali pa kurudi nyuma. Wajenzi waliondoka, mji ukabaki, na waliobaki nao ndio waliorithi swali letu.

Chini ya Waingereza mashamba ya katani yaliyozunguka Kilosa na Kimamba yalipanuka, na reli ikaleta wafanyakazi kutoka mbali: Waha na Wanyamwezi kutoka magharibi, Wabena na Wangoni kutoka kusini, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Tangu mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya katani kilikuwa na ofisi maalumu ya kuwaandikisha na kuwasafirisha, nayo ilijulikana kwa jina la SILABU. Watu hao waliitwa manamba. Msomaji na alitazame neno hilo kwa makini. Mtu aliondoka kwao akiwa na jina alilopewa na babu yake, na ukoo, na mwiko wake. Alipofika shambani akawa namba katika kitabu cha karani. Katika gari moshi lenyewe watu waligawanywa kwa daraja, na daraja zilifuata rangi ya ngozi. Hivyo basi, ndani ya behewa na ndani ya kambi, somo lilikuwa moja: kwamba thamani ya mtu ni kile anachobeba.

Je, somo hilo lilipokelewa? Sisi twasema halikupokelewa, na ushahidi wetu tunautafuta mahali ambapo watu hawawezi kudanganyana, yaani msibani. Manamba alipofariki mbali na nduguze, nani angemzika? Kitabu cha karani kilijua kufuta namba. Hakikujua kuosha maiti, wala kuchimba kaburi, wala kupeleka habari kwa mama wa marehemu. Kazi hiyo ilifanywa na watani. Desturi ya utani kati ya makabila yetu, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuzwa na safari ndefu za misafara, ilihamia katika miji ya reli na kambi za mashamba. Mtani alimtukana mwenzake sokoni bila kukasirikiwa, akamnyang'anya kofia, akadai apewe kuku. Lakini siku ya msiba ni yeye aliyeshika jembe la kwanza. Watu wasio na damu moja wakawa na wajibu mmoja. Mgeni akapata wa kumlilia.

Hapo ndipo, kwa maoni yetu, stesheni ilipoanza kuwa mji. Kuta za ghala na nyumba za wafanyakazi wa reli hazikutosha kuufanya. Mji ulizaliwa watu walipokubali kuzikana, kisha kuoana, na watoto wao wakacheza pamoja kwa Kiswahili, kwa maana lugha za baba zao zilikuwa nyingi na uwanja ulikuwa mmoja. Hata maneno ya kazi yaligeuzwa na watu yakawa yao. Neno genge, lililokuwa jina la kikosi cha vibarua, leo ni mahali ambapo mama anauza nyanya na dagaa, na mtoto hutumwa huko bila kufikiri kabisa juu ya msimamizi na filimbi yake.

Wako watakaopinga, nao wako wa namna mbili. Wa kwanza husema: "Basi tumshukuru mkoloni, maana bila reli yake msingekutana." Hoja hii inachanganya chombo na tendo. Reli ilileta watu mahali pamoja, lakini haikuwafanya ndugu. Makaratasi ya mjenzi hayakuwa na hesabu ya undugu. Tena undugu huo ulijengwa kwa desturi iliyokuwako kabla ya reli. Aliyefungua mlango kwa ajili ya kutoa mali hastahili shukrani kwa ajili ya wageni waliokaribishana mle ndani.

Wa pili husema: "Mti wenye mizizi mibaya hauzai tunda jema; miji hii ni makovu ya ukoloni, na wakazi wake wamekata asili." Tunaielewa hasira ya hoja hii, lakini hatuikubali. Ni kweli kwamba wahenga walinena mkataa kwao ni mtumwa. Hata hivyo manamba hakukataa kwao. Alisukumwa na kodi na umaskini. Alipokaa Kilosa akazaa, akazika na kuzikwa, kwao pakawa pawili. Kuwaambia wajukuu wake leo kwamba si wenyeji ni kuurudia ule uandishi wa namba. Aidha tusisahau haki ya Wasagara na Wakaguru, ambao ardhi yao ilitwaliwa kwa mashamba bila ridhaa. Ukarimu wao hauna budi kuhesabiwa miongoni mwa misingi ya mji, wala usichukuliwe kama jambo lililokuwa lazima litokee.

Basi tumefikia jibu la kwanza: asili ya kitu haimiliki mwisho wake. Lakini jibu hilo lina deni. Ikiwa mji huwa wa wale wanaoutunza, basi unaweza pia kuacha kuwa wao wanapoacha kuutunza. Bei ya katani ilianguka miaka ya 1960 nyuzi za viwandani zilipoingia sokoni. Mashamba mengi makubwa yalitaifishwa mwaka 1967, lakini kutaifisha peke yake hakukurudisha soko. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika. Maelfu ya wakazi wa Kilosa walipoteza nyumba zao na kuishi katika mahema, na reli kati ya Kilosa na Gulwe iliharibika vibaya hata safari za treni zikakatika. Mvua ni ya Mungu, lakini miti iliyokatwa vilimani na mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto ni kazi ya mikono yetu. Tuta halilindi mji kwa sababu lilijengwa. Hulinda kwa sababu linatunzwa. Hapa hatuwezi tena kumtaja Mdachi.

Na sasa swali limerudi katika sura mpya. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma katika reli ya kisasa, nazo zinapenya milima ya Kilosa kwa mahandaki. Safari iliyokuwa ya usiku mzima imekuwa ya saa chache. Tunalifurahia jambo hili, kwa maana safari hii njia imejengwa na taifa lenyewe. Hata hivyo mwendo wa kasi una kishawishi chake. Msafiri wa zamani alisimama Kilosa, akanunua ndizi dirishani, akasikia lafudhi ya watu wa pale. Msafiri wa leo aweza kuupita mji mzima kabla hajainua macho. Ni rahisi basi kuanza kuipima miji midogo kwa kipimo kile kile cha mwaka 1909: ina mzigo gani, na je, inafaa treni kusimama?

Sisi twasema kipimo hicho kilikwisha kukataliwa na watu wa Kilosa wenyewe, kwa majembe yao makaburini. Walimu walio karibu na reli wawapeleke wanafunzi wao kwa wazee wa stesheni, wakaulize nani alimzika nani, na kwa nini, wakayaandike majina. Yaliyoandikwa zamani yalikuwa namba. Kazi ya kuandika majina bado ipo, na wazee wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka.